Nyumba ya Mlango Mmoja

Kitu cha kwanza nilichokiona katika mji wa mume wangu ni kwamba baba mkwe wangu alikohoa bila kuwa na kifua. Alikohoa mara mbili, akanyamaza, akakohoa tena, na baada ya hapo ndipo alipotoka mlangoni. Siku tatu za kwanza nilimwonea huruma, nikadhani ni baridi ya milima ya Manga. Siku ya nne nikaelewa kwamba alikuwa akinipa nafasi ya kuondoka njiani.

Kwetu mke wa mtu na baba wa mume wake hawakutani uso kwa uso. Heshima hiyo tunaiita chinsoni. Mke hali mbele ya baba mkwe, hamtaji jina, hasemi naye ila kwa kupitia mtu mwingine. Baba naye haingii nyumba ya mwanawe aliyeoa, na mwana halali na mkewe chini ya paa la baba yake. Katika nyumba za udongo jambo hili halina taabu. Kila mtu ana nyumba yake, na nyumba ya mama ina mlango wa wanaume na mlango wa wanawake. Lakini nyumba ya baba mkwe wangu, ambaye watu humwita Obadiah Ombati, ilichorwa na Mzungu, nayo ilikuwa na mlango mmoja.

Ilijengwa mwaka wa 1931 na Mzungu mmoja wa kahawa. Alimleta msanifu kutoka Nairobi, akaja na karatasi zake na kamba zake, akachagua jiwe la mchanga lenye rangi ya asali, na watu wa Manga wakalibeba vichwani kulipandisha mlimani. Mafundi wa Kihindi wakalichonga hadi kiwembe kisipite kati ya jiwe na jiwe. Mzungu alipoondoka mwaka wa 1939, Tata, ndivyo tunavyomwita baba, aliinunua kwa mshahara wa miaka ishirini ya ukalimani pale boma la serikali. Watu wakasema Ombati sasa ni Mzungu. Kisha yule msanifu akapata jina kubwa huko Nairobi, na serikali ikaiandika nyumba yetu katika orodha ya majengo ya kutunzwa. Karatasi ikaja: ukuta usitobolewe, dirisha lisipanuliwe, paa la vigae lisibadilishwe kuwa la mabati.

Mwaka ule wa 1951 nilipofika, vigae vilikuwa vimevunjika upande mzima. Vigae vya namna ile vilipatikana mbali, kwa bei ya ndama kwa kila mzigo. Mvua iliponyesha tulitandaza sufuria sebuleni na kusikiliza kila moja ikilia kwa sauti yake. Mimi na mume wangu Nyasani tulilala katika kibanda cha udongo nyuma ya jiko. Nyumba ina vyumba sita, na humo walilala wazee wawili na sufuria kumi na moja.

Mara moja walikuja Wazungu wanne kuipiga picha. Walimwomba Mama mkwe wangu, Bathsheba, aondoe nguo zilizoanikwa. Akaziondoa. Wakamwomba aondoe kuku. Akawafukuza kuku. Kisha mmoja akampungia mkono, kwa adabu kabisa, kwamba na yeye asogee. Mama akasogea, akasimama kando yangu mlangoni pa jiko akiwa ameshika kikapu cha nguo mbichi.

"Nadhani wanaogopa nitaichafua picha," akasema.

"Labda ni jua, Mama."

"Jua lilikuwa nyuma yangu, mokamwana. Mimi ndimi niliyekuwa mbele."

Mokamwana ni mke wa mwana. Hakuniita jina langu, Gesare, hata siku moja, na katika mdomo wake neno lile lilikuwa zuri kuliko jina.

Mimi na Nyasani tulikuwa tumetoroka. Mahari ilikuwa imepanda miaka ile hata vijana wakawa wanazeeka wakingoja ng'ombe. Baba yangu, Onyancha, alitaka ng'ombe kumi na wawili. Tata alikuwa ametoa wanne. Nilikaa, nikazaa mtoto wa kike, tukampa jina Nyamoita, jina la binti yao mkubwa aliyekufa. Mama ndiye aliyelitamka jina lile. Alimshika mtoto, akamwangalia muda mrefu, akasema, "Huyu ni Nyamoita," kisha akatoka nje upesi kana kwamba ameacha kitu jikoni.

Mtoto alipokuwa na miezi minane, baba yangu alikuja na karatasi ya baraza la wazee. Alisimama nje ya ua. Bathsheba akamletea kiti.

"Siketi," baba yangu akasema. "Nikiketi nitaletewa uji, na nikinywa uji nitaona haya kudai."

"Basi kunywa ukiwa umesimama."

"Mama, usinichekeshe. Sikuja kucheka." Akaiinua ile karatasi. "Baraza limesema ng'ombe wanane wafike mwisho wa mwezi wa nane. Wasipofika, namchukua binti yangu pamoja na mtoto wake. Yuko mtu wa upande wa Itumbe ambaye ng'ombe wake wako zizini, hawako mdomoni."

Sauti ya Tata ikatoka ndani ya nyumba. Macho yake yalikuwa yamefunikwa na ukungu mweupe, na siku hizo aliona mwanga tu. "Huyo mtu wa Itumbe ana meno mangapi, Onyancha?"

"Ana ng'ombe thelathini," baba yangu akajibu. "Meno hatuyahesabu."

Nilikuwa jikoni, nimemnyonyesha Nyamoita mpaka akalala, na bado nikawa namnyonyesha.

*

Jumapili iliyofuata Tata aliamua kuuza nyumba. Hakumwuliza Mama. Alimwambia wakati akinawa mikono.

"Tutajenga ya udongo kule chini karibu na chemchemi," akasema. "Nitapata ng'ombe wanane, na nitakufa mahali pasipovuja."

Mama akaendelea kummiminia maji mikononi, hata mikono ilipokuwa safi tayari.

Lilitakiwa bango la kugongomelewa njia panda ya misheni. Nyasani hakusoma. Mimi nilifika darasa la nne, halafu baba akasema inatosha. Basi kazi ikawa yangu. Nilichuchumaa nje chini ya dirisha, na ubao, chokaa ya maji na kijiti kilichotafunwa ncha. Tata alikaa ndani kando ya dirisha lile lile, karibu nami kiasi kwamba nilisikia pumzi yake. Mama alisimama mlangoni, katikati yetu.

"Mwambie aandike, Nyumba ya mawe inauzwa," Tata akasema.

Mama akanigeukia. "Uandike, Nyumba ya mawe inauzwa."

"Nimesikia, Mama."

"Hujasikia kitu. Ni mimi niliyekuambia."

"Aongeze, vyumba sita."

"Uongeze, vyumba sita."

"Nafasi imebaki ndogo," nikasema.

"Anasema nafasi ni ndogo."

"Vyumba sita ni lazima. Bila hivyo mtu atadhani tunauza choo."

Mama akacheka hadi akashika mwimo wa mlango. "Amesema watadhani ni choo," akaniambia, na mimi nikaficha uso wangu kwenye goti kwa sababu nilikuwa nimekwisha kucheka kabla hajanifikishia.

Niliandika herufi ndogo. Chini kabisa Tata alitaka iandikwe kwamba nyumba imo katika kitabu cha serikali. Aliamini hilo litapandisha bei.

*

Wiki tatu hakuja mnunuzi. Walikuja watu kutazama, lakini kutazama ni bure. Walipiga kuta kwa vifundo vya vidole, wakauliza kama ni kweli mtu haruhusiwi kuezeka mabati, wakaenda zao. Mmoja alisema nyumba ambayo huwezi kuigusa ni kama mke wa jirani. Tata alicheka pamoja naye, lakini chakula cha jioni hakukila.

Kisha akaja Ratemo wa Kebirigo. Alikuwa na kinu cha maji cha kusagia mahindi, na unga ulikuwa umeingia katika mikunjo ya shingo yake kiasi kwamba hata siku ya kanisa alionekana ametoka kazini. Huyu hakupiga kuta. Aliingia, akahesabu vyumba, akasimama katika kila kimoja akiangalia juu, akatoka nje akaizunguka nyumba yote kwa hatua. Kisha akaketi, akanywa uji, akasema, "Shilingi elfu moja na mia nane."

Ng'ombe mmoja alikuwa shilingi tisini, labda mia. Kule jikoni nilipiga hesabu kwa vidole vya mtoto wangu.

"Lakini nina neno," Ratemo akasema. "Nina baba yangu. Mama alikufa, nyumba yake ikaanguka, na mzee hawezi tena kukaa peke yake. Nataka awe karibu. Sasa, mzee, nitampitisha wapi? Mlango ni mmoja. Atapitaje sebuleni kwangu, kwa mke wangu? Hata nikikubali mimi, yeye atalala nje kwenye mvua kuliko kuvuka kizingiti changu."

"Ni kweli," Tata akasema.

"Kile chumba cha mwisho nikikifunga kwa ndani, nikakitobolea mlango wake kutoka nje, akawasha moto wake humo, hiyo ni nyumba yake. Mlango wake, moshi wake. Wazee wa kwetu wamekubali. Nipatie ruhusa ya mlango mmoja na fedha utazikuta mezani siku hiyo hiyo."

Walikwenda boma. Baada ya siku sita akaja karani mmoja, Jeconia, mtu wa upande wa ziwani, mrefu, viatu vyake vimepakwa rangi hadi unaweza kujitazamia. Alisema Kiswahili, na Tata akamjibu Kiswahili cha boma chenye "bwana" katika kila sentensi, na uso wake ukachangamka kama wa mtu aliyerudishiwa kazi.

Jeconia alipima mbele, akatikisa kichwa. Akapima kulia na kushoto, akatikisa kichwa. "Haya ni mawe ya yule msanifu, mzee. Hapa hata msumari siwezi kukuruhusu." Akazunguka nyuma. Ukuta wa nyuma ulijengwa kwa mawe yasiyochongwa, kwa sababu huko hakuna mgeni aliyetegemewa kufika. Mbele ya chumba kile cha mwisho palikuwa na migomba, mashina manne yaliyozaana. "Hapa labda," akasema. "Migomba ing'olewe, njia ichimbwe, mlango ukae hapa. Nitaandika. Jibu litakuja kwa barua."

Mama alikuwa amesimama na kikapu cha majani ya maboga. Alisema polepole, kwa Kiswahili chake kidogo, "Migomba hapana."

"Migomba itaota pengine, mama," Jeconia akasema kwa upole.

"Migomba hapana," Mama akasema tena.

Tata aligeuza kichwa upande sauti ilikotoka. Alisema kwa Kikisii, ili mgeni asielewe, "Bathsheba. Wafu hawajui neno lo lote. Ndivyo ilivyoandikwa, na ndivyo unavyoimba kila Sabato."

"Mimi sikuzungumza habari za wafu. Nimezungumza habari za migomba."

Lakini wote wawili walijua, na mimi nikajua. Mwaka wa 1943 surua ilipita Manga. Nyamoita wa kwanza alikuwa na miaka sita, mdogo wake miwili. Walikufa katika juma moja. Mtoto huzikwa karibu na nyumba ya mama yake, na Mama, kwa kuwa nyumba yake ilikuwa ile ya mawe, aliwazika nyuma ya chumba chake, akapanda mgomba juu ya kila mmoja. Hapakuwa na jiwe wala msalaba. Nyuma ya nyumba ile sikumwona Mama akimwaga hata maji ya kunawia.

*

Barua ilikuja kupitia misheni. Mama aliichukua Sabato baada ya ibada, akaileta ikiwa imekunjwa ndani ya kitambaa cha kichwa. Hakumpelekea mumewe. Aliingia jikoni, akafunga mlango, akaketi juu ya kinu kilichopinduliwa.

"Soma."

Nilisoma polepole, kidole juu ya neno. Ilikuwa Kiswahili cha mashine ya chapa. Ilisema kwamba ombi la Obadiah Ombati limefikiriwa. Ilisema kwamba pande tatu zisiguswe kamwe. Ilisema kwamba mlango mmoja, usiozidi futi tatu kwa saba, umekubaliwa katika ukuta wa nyuma, mahali palipooneshwa na karani.

Niliinua macho. Moyo wangu ulikuwa ukipiga kwa furaha, na sikuweza kuuficha uso.

"Wamekubali," nikasema.

Mama aliichukua barua, akaitazama kana kwamba anaweza kuisoma, akainusa. "Mlango utakaa wapi?"

"Nyuma, Mama. Pale."

"Na yule mzee, baba yake Ratemo, atatoka asubuhi."

"Ndiyo."

"Atakanyaga wapi akitoka?"

Nilisukuma kuni motoni.

"Nakuuliza. Mtu akitoka mlangoni mguu wa kwanza anauweka wapi?"

Nyamoita alikuwa akitambaa kwenye majivu. Mama akamwinua, akampangusa viganja kwa sketi yake, akamweka mapajani. Alisema bila kuniangalia, "Nina kaka ng'ambo ya mto. Ana ng'ombe. Yeye hanidai kitu, mimi ndimi ninayemdai; mahari yangu ndiyo aliyoolea. Nitakwenda kesho. Nitapata wanane, mokamwana. Wanane si wengi kwa mtu anayejua kulia. Nipe siku hizi zilizobaki, na barua hii ilikataa."

"Mama."

"Ilikataa. Nitamwambia mimi. Wewe huwezi kusema naye, kwa hiyo hutamdanganya mtu."

Akaiweka ile barua motoni. Karatasi ya serikali ni nene. Iliungua polepole, ikajikunja pembe moja moja. Nilikuwa karibu, ningeweza kuinyakua. Nilikaa nikaangalia. Nilikuwa nimemwona mwanamke yule akisogezwa mbele ya nyumba yake kwa ajili ya picha, na sikuwa na nguvu ya kuwa mtu wa pili kumsogeza.

Jioni ile nilimsikia akimwambia Tata. Tata akauliza, "Wamekataa kwa maneno gani?"

"Kwa maneno yao."

"Nilifanya kazi nao miaka ishirini," akasema. "Wakikataa husema wanasikitika. Walisema wanasikitika?"

"Walisema."

Nyasani alirudi kutoka mashamba ya chai ya Kericho, alikokwenda kutafuta fedha, siku mbili baadaye, na shilingi arobaini katika soksi. Usiku aliniuliza barua ilisemaje. Nilimwambia amwulize mama yake. Akasema amekwisha kumwuliza. Nikamwambia basi. Alikuwa mtu mwema. Mama yake akisema jambo, kwake limekwisha. Ningemwambia, angempelekea baba yake maneno yale kabla hakujakucha, na mimi ningeamka nikae jiko moja na Bathsheba niliyemsaliti mpaka uzee.

*

Mama alikwenda kwa kaka yake mara tatu. Mara ya kwanza alirudi na ahadi, mara ya pili na mkungu wa ndizi. Mara ya tatu, siku mbili kabla ya Jumapili ya mwisho ya mwezi wa nane, alirudi akivuta mtamba mmoja mwenye sikio lililoraruka. Alimfunga kwenye nguzo ya ua, akampa maji, akamsugua mgongo kwa majani ili aonekane mnene.

Baba yangu alifika na kaka zangu wawili na mzee wa kanisa, ili mambo yaende kwa amani. Safari hii aliketi. Alimwangalia yule mtamba.

"Huyu ni wa ngapi?"

"Wa kwanza," Mama akasema. "Wengine wanakuja."

"Wanakuja kwa miguu yao, au wanangoja sikio la huyu lipone?"

Kaka zangu walicheka. Nyasani akaweka shilingi arobaini mezani, na mbele ya watu wale zilionekana kama sadaka ya mtoto. Mama alikaza kamba ya mtamba, ambayo haikuwa imelegea.

Ndipo akaja Ratemo. Hakuwa amealikwa. Alisema anakwenda kulipia kiwanja chenye nyumba ya mabati kule sokoni, na kwamba alipita kwanza kwa sababu moyo wake bado uko kwenye jiwe. Fedha alikuwa nazo. Akaligusa koti lake ili tujue ni wapi.

"Nashangaa kitu kimoja, mzee Ombati," akasema. "Yule karani Jeconia alihamishwa Kisumu, sikuweza kumwuliza. Lakini vijana wa pale boma wanasema hawana shida na ukuta wa nyuma. Barua ilikataa kweli?"

Tata alikuwa ameketi ndani ya mlango ule mmoja, nusu kivulini, fimbo kati ya magoti. "Iletwe barua."

"Niliichoma," Mama akasema. "Ya nini barua ya kukataa?"

Tata aliuliza, "Nani aliyeisoma?"

"Mokamwana."

"Basi aulizwe."

Nilikuwa jikoni, mtoto mgongoni, vitu vyangu vimefungwa katika shuka endapo nitachukuliwa. Mzee wa kanisa alivuka ua akaja mpaka mlangoni pa jiko. Alikuwa mtu mpole, na aliona haya kwa niaba yangu. Kutoka pale alipoketi Tata mpaka niliposimama mimi hapakuwa hata hatua kumi na tano.

"Binti yangu," akasema, "mzee anauliza. Barua uliisoma wewe?"

"Niliisoma."

"Amesema aliisoma," akamwambia Tata, ambaye alikwisha kusikia.

"Aulizwe, ilikubali mlango au ilikataa?"

"Binti yangu, ilikubali au ilikataa?"

Mama alikuwa amesimama kando ya ghala, mkono juu ya mgongo wa yule mtamba. Kutoka pale aliniona vizuri, nami nilimwona. Hakunikonyeza wala hakutikisa kichwa. Aliniangalia mimi, kisha akaangalia bega langu, mahali kichwa cha Nyamoita kilipokuwa kimechomoza kwenye shuka, akaendelea kuangalia hapo.

"Ilikataa," nikasema.

"Anasema ilikataa," mzee wa kanisa akasema.

Tata aliinamisha kichwa juu ya fimbo. Ratemo alisimama, akashukuru kwa uji ambao hakunywa, akaaga mmoja mmoja. Alipopita karibu na ukuta aliweka kiganja juu ya jiwe kidogo, kama mtu anayempapasa ng'ombe ambaye hatamnunua. Kisha akashuka njia ya Kebirigo, na tukamwangalia mpaka migomba ya jirani ikamficha.

Baba yangu alingoja kwa heshima. Kisha akasema, "Haya, Gesare."

Nyasani alitaka kupigana na kaka zangu, na mzee wa kanisa akamshika kiuno, akimwambia Nyasani, Nyasani, utalifanya jambo hili liwe msiba. Nilitoka jikoni na mzigo wangu. Ili kufika njiani ilinibidi nipite mbele ya ule mlango, na Tata alikuwa bado ameketi humo. Niligeuza uso upande, kama ipasavyo. Yeye naye, ambaye hakuwa anaona kitu, aligeuza uso wake ukutani.

*

Niliozwa kwa yule mtu wa Itumbe. Hanipigi. Ng'ombe wake walimfanya kaka yangu mkubwa naye aoe. Nyasani alirudi Kericho, na nasikia ana mke huko. Miezi mitano baadaye karani mpya alifika Manga kuuliza kwa nini mlango uliokubaliwa haujatobolewa, kwa kuwa ruhusa inakaribia kuisha. Tata alimsikiliza mpaka mwisho, akamshukuru kwa Kiswahili cha boma. Hakumwuliza mkewe lo lote, siku ile wala baadaye, na wanaosimulia wanasema hilo lilimwumiza Mama kuliko kupigwa. Nyumba bado inasimama. Bado inauzwa. Bango langu lilioza, wakaweka jingine.

Bathsheba nakutana naye mara moja kwa mwaka, kwenye makambi ya kanisa. Huketi nami chini ya turubai kati ya mahubiri mawili. Humshika Nyamoita kidevu, humpa ndizi, humwuliza amefika darasa la ngapi. Mimi na yeye tunaongea habari za mvua. Siku moja aliniambia, akiangalia mbele, "Watu wanasema ni chinsoni iliyokufunga mdomo siku ile." Nikasema ndiyo, Mama, ilikuwa chinsoni. Akakubali kwa kichwa, na mhubiri akaanza.

Lakini chinsoni ilinizuia kwa Tata peke yake. Kwako, Mama, haikunizuia kamwe. Siku ile niliposema ilikataa, sikuwa nimemaliza kusema. Nilinyamaza ili nikupe nafasi. Mzee wa kanisa aliyapeleka maneno yangu, Ratemo alisimama, akaaga mtu mmoja mmoja, akapapasa ukuta, akashuka mlima mzima, na muda wote ule ulikuwa unamwangalia mtoto, na kinywa chako kilikuwa kizima. Nilikuwa nakungoja, Mama. Nilikungoja useme ilikubali.